Tulimzulia Baba Mtoto Mwenye Baba Yake

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli kweli. Ilianzia kwenye ubao wa matangazo wa chama chetu muhula wa kwanza, ikakomea katika darasa la kidato cha kwanza kabla muhula wenyewe haujaisha. Naandika ili kukiri, lakini si kukiri tu. Nina hoja, na katika chama chetu wako wanaoipinga mpaka leo. Mpinzani mkubwa ni mwenzangu wa dawati, ambaye hapa nitamwita Jirani kwa sababu hataki jina lake litajwe gazetini.

Nyinyi mnaopita chini ya ngazi za maktaba saa ya chakula cha mchana mmekwisha kutuona. Tunainama juu ya vipande vitano vya katoni vilivyochorwa miraba, na vizibo vya soda vimetapakaa juu yake. Wengine hudhani tunacheza drafti. Wengine huuliza kama ni kamari. Si kamari, jamani. Ni sataranji, ila si ile ya kawaida yenye vyumba 64. Hii ina ghorofa tano, kila ghorofa ina vyumba 25, jumla vyumba 125. Kete hutembea mbele, nyuma na kando, na pia hupanda na kushuka kama mtu aliye kwenye jengo lenye ngazi.

Tulipouanza mchezo huu tulikuwa watu watatu. Hakuna aliyetaka kujiunga nasi. Jirani akasema, "Watu hawali chakula kisichonukia. Tuupe mchezo huu historia." Basi tukakaa jioni moja tukaandika karatasi nzima, kwa mwandiko mzuri, tukaibandika ubaoni. Tulisema kwamba zamani sultani mmoja wa Pate alikuwa na wana watano waliogombania kiti. Akawajengea nyumba ya ghorofa tano, akawapa kete za pembe za ndovu, akasema atakayemfunga mwenzake ndiye atakayetawala. Tuliweka hata mwaka, ili habari ipate uzito. Mwaka wenyewe niliuchagua mimi, na sababu ya kuuchagua ni kwamba ulikuwa namba ya kiatu changu mara arobaini na kitu. Sikucheka kama siku ile.

Ilifaulu. Kwa wiki mbili tulikuwa na foleni. Na katika foleni hiyo alikuwamo kijana mmoja wa kidato cha kwanza, mpole, mwembamba, ambaye baada ya siku nne tu alianza kutushinda sote watatu. Nitamrudia.

Sasa ukweli. Mchezo huu haukutoka Pate wala pwani yoyote. Ulitungwa Ujerumani, na mtungaji wake ni daktari aliyeitwa Ferdinand Maack. Aliutangaza mwaka 1907 kwa jina la Raumschach, maana yake sataranji ya anga au ya nafasi. Hoja yake ilikuwa kwamba ikiwa sataranji ni mfano wa vita, basi vita vimebadilika. Ndege ya kwanza ya Wright ilikuwa imeruka mwaka 1903, na majeshi ya majini yalikwisha kuwa na nyambizi. Adui sasa angeweza kuja kutoka juu au kutoka chini ya maji. Kwa nini basi mfalme wa sataranji akae kwenye mkeka mmoja kana kwamba dunia haina dari wala ghala ya chini? Maack alijaribu kwanza ubao mkubwa wa nane kwa nane kwa nane, akauona ni mzito, akaupunguza mpaka akafika kwenye tano. Mwaka 1919 wapenzi wa mchezo huu walianzisha klabu yao mjini Hamburg, ikadumu mpaka wakati wa vita vya pili vya dunia. Maack mwenyewe alifariki mwaka 1930.

Hata yeye hakuwa wa kwanza kuwazia hivyo. Mwaka 1851 mchezaji mashuhuri Lionel Kieseritzky alikuwa ametunga sataranji ya mche wa nane kwa nane kwa nane, yaani vyumba 512. Huyu Kieseritzky ndiye yule aliyefungwa na Adolf Anderssen mjini London mwaka huohuo katika mchezo ambao wapenzi wa sataranji huuita Usiokufa. Masikini, anakumbukwa kwa kushindwa.

Nilipoyasoma haya niliona aibu. Niliona aibu ya kusema uongo, ndiyo, ila zaidi niliona aibu kwamba ukweli ulikuwa mtamu kuliko tulichozua, na sisi tuliufunika. Ili mnielewe lazima niwaeleze kanuni kidogo. Anayechoshwa na kanuni aruke aya tatu, tutakutana mbele.

Chukua kipande cha sabuni ya kufulia, ukikate kiwe mche ulio sawa pande zote. Uhesabu. Kina nyuso 6, kingo 12 na ncha 8. Sasa fikiria kila chumba cha mchezo ni kipande kama hicho, na vipande vimepangwa vikigusana. Ngome hutoka chumbani kwa kupitia uso: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Hizo ni njia 6. Askofu hutoka kwa kupitia ukingo, naye ana njia 12. Lakini zile ncha nane? Katika sataranji ya kawaida hakuna kete inayoweza kupita hapo, kwa sababu karatasi bapa haina ncha za namna hiyo. Maack akaona kuna milango minane isiyo na mwenyewe. Akaunda kete mpya ya kuipitia, akaiita jina la yule mnyama wa hadithi za Wazungu, farasi mwenye pembe moja. Sisi twaiita Pembe-moja. Malkia hupita nyuso, kingo na ncha zote, yaani 6 na 12 na 8, jumla njia 26. Mfalme vilevile, ila hatua moja moja. Farasi huenda hatua mbili upande mmoja na moja upande mwingine, na mojawapo yaweza kuwa ya kupanda au kushuka. Akiwa katikati kabisa ana vyumba 24 vya kurukia, badala ya vinane vya kawaida.

Kila mchezaji ana kete 20. Mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome wawili, maaskofu wawili, farasi wawili, Pembe-moja wawili, na askari kumi. Mweupe hupanga zake kwenye ghorofa mbili za chini, mweusi kwenye mbili za juu, na ghorofa ya katikati huachwa tupu kama uwanja wa soko siku isiyo ya soko. Askari mweupe huenda mbele chumba kimoja au hupanda ghorofa moja. Mweusi hushuka. Askari haruki vyumba viwili kwenye mwendo wake wa kwanza, na mfalme habadilishani nafasi na ngome. Askari wa mweupe akifika mstari wa mwisho wa ghorofa ya juu kabisa hupandishwa cheo. Kumfunga mfalme ni kazi ngumu ajabu. Kwenye ubao wa kawaida mfalme aliye katikati ana vyumba vinane vya kukimbilia, hapa ana 26. Hata akisukumwa kwenye pembe kabisa, bado ana saba, mahali ambapo kwa kawaida angekuwa na vitatu. Michezo yetu mingi hukatwa na kengele kabla hatujamalizana.

Na sasa habari ya kijana yule. Siku moja alikuja na mfuko wa maharagwe. Akaweka Pembe-moja mahali pake pa kuanzia, akawa anaweka haragwe kila chumba ambacho kete ile yaweza kufika, hata kama ni kwa hatua mia. Alipomaliza alihesabu maharagwe 30. Akachukua Pembe-moja wa pili, akapata 30 nyingine, zote tofauti na zile za kwanza. Akafanya vivyo hivyo kwa wale wa mweusi, wakaangukia vyumba vilevile 60. Akatazama ubao, akasema polepole, "Kwa hiyo kuna vyumba 65 ambavyo Pembe-moja hawezi kufika daima." Vyumba 65 kati ya 125! Zaidi ya nusu! Sisi wa kidato cha tatu tulikuwa tumecheza miezi miwili na hatukuona. Tangu siku hiyo, mfalme akizidiwa hukimbilia kwenye chumba kimoja cha hivyo 65, na angalau hatari ya aina moja imekwisha.

Huyo ndiye tuliyemharibia. Katika somo la historia mwalimu wake aliuliza juu ya miji ya kale ya pwani na namna watu walivyoishi. Kijana akainua mkono. Akaeleza habari za sultani wa Pate, wana watano, nyumba ya ghorofa na kete za pembe za ndovu, mwaka na yote. Mwalimu akamuuliza ameyatoa wapi. Akajibu, "Kwa Chama cha Kiswahili, mwalimu." Nasikia darasa lilicheka mpaka la jirani likanyamaza kusikiliza. Mwalimu hakumpiga wala hakumfokea, alimwambia tu akae chini akatafute kitabu chochote chenye habari hiyo amletee. Kijana alitafuta maktabani siku mbili nzima. Angetafuta mpaka leo asingeipata. Wenzake wakampachika jina la Sultani, na hajakanyaga tena chini ya ngazi.

Nilimwendea kuomba msamaha. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Si kitu, kaka," kisha akaenda zake. Hiyo "si kitu" imenikaa kooni.

Sasa hoja ya Jirani, maana sitaki kumnyima haki yake. Anasema kila sataranji ina ngano yake. Nani asiyejua ile ya yule Sissa wa Uhindi, aliyemtengenezea mfalme mchezo, akaomba zawadi ya punje moja ya ngano kwenye chumba cha kwanza, mbili kwenye cha pili, nne kwenye cha tatu, hivyo hivyo ikijirudufu mpaka cha 64? Mfalme alicheka, kisha ghala zake zikaisha, kwa sababu jumla yake ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Hakuna mwanahistoria anayeapa kwamba Sissa alizaliwa na mama, asema Jirani, na bado watu wameisimulia kwa karne nyingi, na walimu wa hesabu huifurahia. (Nilijaribu kupiga hesabu ya Sissa kwa vyumba vyetu 125. Jibu lina tarakimu 38. Nilipofika hapo taa ya nyumbani ikaisha mafuta, nikamwachia mfalme yule deni lake.)

Anaendelea. Hata majina ya kete ni ya kuzusha. Huyu tunayemwita malkia alikuwa waziri kule Uajemi na Uarabuni, mwenye hatua moja moja, na askofu alikuwa tembo. Wazungu ndio waliobadilisha, na nguvu kubwa za malkia walimpa mwishoni mwa karne ya 15. Sisi wenyewe neno letu sataranji lilitufikia kwa njia ya Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, nao kwa Wahindi waliouita mchezo chaturanga. Kila mmoja aliupokea akaupaka rangi ya kwao. Kwa nini sisi tusiupake?

Na hoja yake ya tatu ndiyo kali. Anasema iko sataranji nyingine ya ghorofa ambayo asili yake ni uongo mtupu, na dunia nzima inaipenda. Katika mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Star Trek, mwaka 1966, walionyeshwa maofisa wa chombo cha angani wakicheza sataranji ya mbao nyingi zilizosimama moja juu ya nyingine. Waliotengeneza mapambo ya mchezo ule waliunganisha tu vipande vya michezo mingine ili kionekane kitu cha karne zijazo. Kanuni hazikuwapo! Ni watazamaji waliokuja kuzitunga baadaye. Kitabu kimoja cha mwaka 1975 kilitoa mpango wa mbao, na kijana aitwaye Andrew Bartmess akazikamilisha kanuni muda mfupi baadaye. Ubao huo una ghorofa tatu za miraba 16, na vibao vinne vidogo vya miraba minne minne vinavyoweza kuhamishwa. Piga hesabu, ni 48 na 16, yaani 64 zilezile. "Unaona?" Jirani aniambia. "Ngano ilitangulia, mchezo ukafuata. Bila uongo ule mchezo usingezaliwa."

Nimelala na hoja hizi usiku mwingi. Na hapa ndipo nasimama.

Anayetazama chombo cha angani anajua anatazama mchezo wa kuigiza. Hakuna aliyeinua mkono darasani akasema mwanadamu wa karne ya 23 ametufundisha sataranji. Hata bibi akianza na "paukwa", mtoto anajua mlango umefunguliwa na kwamba sungura atasema. Ngano ya Sissa pia husimuliwa kwa "yasemekana". Karatasi yetu haikuwa na paukwa wala yasemekana. Ilikuwa na mwaka. Ilikuwa na muhuri wa chama, tulioazima mezani kwa katibu bila kumwambia. Tuliivalisha ngano sare za historia tukaituma darasani, na aliyeadhibiwa ni mwingine.

Jirani husema pia kwamba wenzetu wa ng'ambo wamejitwalia sifa za vitu vingi, kwa hiyo si dhambi nasi kujitwalia kimoja. Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu najua inatoka wapi. Tulitaka kitu kiwe chetu. Lakini Pate haikuomba. Pate ni mji ambao Mwengo wa Athumani aliandika Utendi wa Tambuka, na nakala yake yajulikana kuwa ya mwaka 1728. Mji wenye jambo kama hilo unahitaji vizibo vyangu vya soda vya nini? Anayeisikia habari yetu ya wana watano, kisha akagundua ni uongo, siku nyingine akiambiwa habari ya utendi atauliza: hata hii? Tumeichafua ya kweli kwa ya bandia. Jirani alinijibu kwamba hata Mwengo alieleza vita kwa madoido kuliko vilivyokuwa. Pengine. Ila waliokaa kumsikiliza walijua kwamba huo ni utendi.

Na yule daktari wa Hamburg? Hatukuwahi kumjua, amekufa zamani, hatatushtaki. Lakini alikaa akaona milango minane isiyo na mwenyewe kwenye kipande cha mche. Pembe-moja ilizaliwa hapo, kwenye ncha, kwa kufikiri tu. Mtu aliyefikiri hivyo kumnyang'anya jina lake na kumpa sultani asiyekuwapo ni wizi, hata kama mwenye mali hayupo nyumbani.

Mtaniuliza, bila sultani mtapata wapi wachezaji? Kweli, foleni imepungua. Tumebaki sita. Lakini nakumbuka kwamba kijana yule hakurudi siku ya pili kwa ajili ya sultani. Siku ya pili alirudi na swali kuhusu askari, ya tatu na swali kuhusu farasi, na baadaye maharagwe. Sultani alimleta mlangoni tu. Sabuni ingeweza kumleta pia. Hatukuijaribu.

Karatasi ya zamani tumeing'oa. Mpya imebandikwa mahali palepale tangu wiki jana, na juu kabisa imeandikwa Ferdinand Maack, Hamburg, 1907. Chini yake kuna mchoro wa sabuni. Kuna kanuni moja ambayo ni yetu wenyewe: kwa kuwa mbao zetu tunazipanga kando kando mezani na si juu kwa juu, mchezaji anayemtisha mfalme kutoka ghorofa nyingine lazima aseme "ghorofa!" kwa sauti ya kusikika. Hiyo tumeandika kwamba ilitungwa chini ya ngazi za maktaba na wanafunzi watatu, baada ya ugomvi. Na kuhusu vyumba 65, tumeandika kuwa vilihesabiwa kwa maharagwe na mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Jina lake tutalitia akituruhusu. Nimemwuliza mara moja kwa barua, bado sijajibiwa.

Tunacheza Jumanne na Alhamisi. Ngome mmoja mweusi amepotea, kwa hiyo anayekuja aje na kizibo.